Programu iliyonyamaza katikati ya msimu: kisa cha rekodi za safari kwa Bluetooth ya gari, Arusha

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaotunza programu ndogo za simu ambazo biashara ya mtu mwingine inazitegemea. Jina la kampuni, mahali yadi ilipo na chochote cha kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Mambo ya kiufundi yameachwa yalivyo. Niliingia kwenye kazi hii kama fundi wa nje, tatizo likiwa limeshaanza.

Muktadha

Kampuni inasafirisha watalii, iko Arusha, na ina magari yasiyofika thelathini, mengi yakiwa Land Cruiser zilizorefushwa bodi. Msimu wake mkubwa ni Julai hadi Oktoba. Aprili na Mei, masika yakishika, magari mengi hulala yadini au hupelekwa gereji. Gari likitoka linaweza kukaa huko wiki nzima: Tarangire, Karatu, Ngorongoro, Serengeti, ndipo lirudi.

Miaka kadhaa nyuma mhasibu alichoshwa na vitabu vya safari. Dereva alijaza saa za kutoka na kurudi siku ya mwisho, kwa kukumbuka, akiwa hoi. Posho na dizeli vililipwa kwa kumbukumbu hizo hizo. Kijana mmoja msanidi programu akapewa kazi ya kutengeneza kitu ambacho dereva hatakuwa na haja ya kukigusa.

Wazo lake lilikuwa jepesi na zuri. Magari yote yalikuwa yamefungwa redio za Bluetooth, kwa sababu zile zilizokuja nayo kutoka Japani hazikufaa: FM ya kule inaanzia megahezi 76, na redio nyingi za zamani zinaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hazipatikani. Simu ya dereva ikiungana na redio, maana yake swichi imewashwa, safari imeanza. Muungano ukikatika kwa muda, safari imekwisha. Programu inaandika gari, dereva, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, inahifadhi kwenye simu, na kutuma ofisini mtandao ukipatikana. Dereva aliyekubali kutoa ruhusa ya mahali, na njia aliyopita iliandikwa. Asiyetaka hakulazimishwa.

Redio zilinunuliwa kwa mkupuo, zote zikawa na jina moja kwenye Bluetooth na namba ya siri ile ile, 0000. Programu ilizitofautisha kwa anwani, ile mistari ya tarakimu na herufi kumi na mbili ambayo kila kifaa cha Bluetooth kinayo. Jambo hili litarudi mbele.

Kilomita hazikuhusika na programu. Mlinzi wa getini alikuwa na daftari lake la kaunta, anaandika namba ya gari, kilomita za dashibodi na saa, linapotoka na linapoingia. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakuacha.

Toleo la simu na toleo lengwa

Bila kulielewa hili, kisa kizima kitaonekana kama uchawi. Kwenye Android kuna toleo la mfumo lililomo kwenye simu, halafu kuna toleo ambalo msanidi anatangaza kuwa programu yake imejengewa, toleo lengwa. Masharti mengi mapya huanza kuibana programu pale tu toleo lengwa linapopandishwa. Programu inayolenga Android 11 inaweza kukaa kwenye simu ya Android 13 na kuhudumiwa kwa sheria za zamani katika mambo mengi.

Simu nyingi za madereva ni za bei ya kawaida na hazipati matoleo mapya mara kwa mara. Kwa hiyo mtu akikuambia programu imeharibika "baada ya simu kuapdeti", muulize kwanza ni nini hasa kilichosasishwa, simu au programu. Huku kwetu mara nyingi ni programu.

Kinachomlazimisha msanidi kupandisha toleo lengwa ni Google Play. Tangu Novemba 2022, sasisho la programu iliyoko sokoni lilikataliwa lisipolenga angalau Android 12. Kufikia 31 Agosti 2023 kiwango kikawa Android 13, na 31 Agosti 2024 kikawa Android 14. Programu yetu ililenga Android 11, na ilikuwa haijaguswa muda mrefu kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Katikati ya mwaka 2023 ofisi ikataka badiliko dogo kwenye orodha ya magari. Ili badiliko hilo likubaliwe, msanidi akalazimika kupandisha toleo lengwa, na kwa kuwa tarehe ya Android 13 ilikuwa imekaribia, akaruka kutoka 11 hadi 13 kwa hatua moja.

Yaliyotokea

Sasisho lilitoka Agosti, yadi ikiwa karibu tupu kwa sababu karibu magari yote yalikuwa porini. Lilipelekwa kwa simu zote kwa wakati mmoja. Simu zilizolala kwenye Wi-Fi ya ofisi zilipata usiku ule ule, nyingine zilipata dereva alipofika kwenye hoteli yenye mtandao.

Hakuna kilicholalamika. Ukurasa wa Google Play unaoonyesha programu zinazojifunga ghafla ulikuwa mweupe. Ofisini, safari zilizoingia zilipungua, lakini zilikuwa zinapungua kila Agosti: ukipita Karatu mtandao ni wa kubahatisha, na safari za Serengeti huingia kwa mafungu, siku nne au tano baadaye. Ukimya ulikuwa na maelezo yake tayari.

Aliyeshtuka ni mhasibu. Alikuwa na maombi ya posho ya madereva waliokwisha kurudi, wako Sakina majumbani kwao wanapumzika, na safari zao hazimo. Akampigia mmoja.

"Dada, mimi simu yangu sijaigusa," akajibiwa. Alikuwa anasema kweli, na ndani ya sentensi hiyo kulikuwa na jibu lote, ila hakuna aliyelisikia.

Akalichukua daftari la mlinzi na kulilinganisha na rekodi za programu, mstari kwa mstari. Karibu nusu ya safari za wiki mbili hazikuwepo. Tena hazikukosekana kwa mpangilio wowote ulioeleweka. Madereva wawili wenye simu za aina moja, zenye Android 12 zote mbili, mmoja rekodi zake kamili, mwingine hana hata moja.

Shutuma ya kwanza ikaangukia redio. Fundi umeme wa magari akaitwa, redio mbili zikafunguliwa, waya wa moto na wa ardhi vikapimwa, zikarudishwa. Shutuma ya pili ikawa betri: simu nyingi za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kutunza chaji, na ugonjwa huo uliwahi kuwasumbua huko nyuma. Madereva wakaelekezwa kwa simu jinsi ya kuiondoa programu kwenye orodha ya kubana betri. Haikusaidia. Siwalaumu waliofikiri hivyo, maana hata mimi ningeanzia hapo hapo.

Ugunduzi

Nilipoitwa niliomba kitu kimoja: gari moja, simu moja isiyorekodi, na dereva wake, yadini. Simu ikaunganishwa kwa waya na kompyuta ya mkononi iliyowekwa juu ya boneti, logi ya mfumo, yaani orodha ya matukio ambayo simu inajiandikia, ikawa inatiririka, dereva akawasha swichi.

Redio ikalia, simu ikaungana, muziki ukaanza kupiga kwenye spika. Programu haikuamka. Lakini katikati ya mamia ya mistari ulikuwepo mmoja wa mfumo wenyewe, ukisema kuwa tangazo la ACL_CONNECTED, yaani kwamba kifaa cha Bluetooth kimeungana, limezuiwa lisimfikie mpokeaji wa programu yetu kwa sababu programu haina ruhusa ya BLUETOOTH_CONNECT. Dereva akazima na kuwasha tena, mstari ukarudi vile vile.

Maelezo yake ni haya. Tangu Android 8, mwaka 2017, programu iliyolala hairuhusiwi kuamshwa na matangazo mengi ya mfumo. Tangazo la kifaa cha Bluetooth kuungana liliachwa katika orodha fupi ya yanayosamehewa, na programu yetu iliishi kwa msamaha huo. Android 12, mwaka 2021, ikaongeza sharti: programu inayolenga toleo hilo au la juu yake lazima iwe imepewa na mtumiaji ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, ndiyo hiyo BLUETOOTH_CONNECT. Isipopewa, haipelekewi tangazo. Haijifungi, haitoi kosa, haiulizi. Haiambiwi tu.

Msanidi alilijua sharti hilo. Ruhusa aliitangaza, na ombi la kuiomba aliliandika vizuri, kwenye skrini ya kwanza ya programu. Ila programu ilitengenezwa ili isifunguliwe. Dereva alikuwa hajaiona skrini hiyo tangu siku aliyoiweka. Mfumo hauombi ruhusa kwa niaba ya mtu. Ombi likabaki kwenye mlango usiopitwa na mtu.

Na ule utofauti wa simu mbili za aina moja? Simu za Android 11 kurudi chini hazina ruhusa hiyo kabisa, kwa hiyo zote ziliendelea kurekodi. Kwenye Android 12 na 13, mfumo ulikuwa umeipa programu ruhusa hiyo kimyakimya wakati inalenga toleo la zamani, kisha ukaivua programu ilipopanda. Lakini hauivui kwa programu ambayo tayari ina ruhusa ya mahali wakati wote. Yule dereva mwenye rekodi kamili alikuwa ndiye aliyekubali njia yake iandikwe. Ruhusa aliyoitoa kwa jambo lingine ikamlinda katika hili.

Maamuzi ya haraka

Pendekezo la kwanza la mwenye kampuni lilikuwa kurudi kwenye toleo la zamani: litumwe kwenye kundi la WhatsApp la madereva, kila mtu aliweke mwenyewe. Tulikataa. Play ilikuwa haipokei tena programu inayolenga Android 11. Ufunguo wa kutia saini toleo la sokoni ulikuwa unatunzwa na Play, kwa hiyo faili la WhatsApp lenye saini nyingine lisingekaa juu ya lile lililopo mpaka la mwanzo lifutwe. Na kulifuta kungefuta safari ambazo bado hazijatumwa, za wale walioendelea kurekodi.

Tukaamua kila dereva anayepita yadini aifungue programu mbele ya mhasibu na kukubali ruhusa. Hapo tukakutana na kikwazo ambacho hakimo kwenye mwongozo wowote wa wasanidi. Madereva walikuwa wanabonyeza "Usiruhusu". Wengi wana ndugu au jirani aliyechukua mkopo wa mtandaoni kupitia programu iliyozoa namba zake zote za simu, kisha ikawatumia watu wake meseji za kumdhalilisha. Kwao kisanduku kinachoomba ruhusa ni mtego. Na tangu Android 11, ukikataa ruhusa ile ile mara mbili, mfumo hauionyeshi tena. Ni lazima uende kwenye mipangilio ukaitafute mwenyewe.

Mhasibu, ambaye si mtu wa kompyuta, ndiye aliyepata dawa. Kabla ya kisanduku alimweleza dereva kwa maneno matatu kitu kinachoombwa na kisichoombwa: redio ya gari, si namba zako, si meseji. Ni kweli programu iliwahi kumsomea dereva meseji kwa sauti, lakini ilikuwa imeshaacha tangu 2019, Play ilipobana ruhusa za SMS. Maelezo yake tuliyaingiza kwenye programu karibu neno kwa neno, yakitangulia ombi la mfumo.

Kulikuwa na kipengele kimoja zaidi kilichokufa kwenye mruko ule bila mtu kujua. Alfajiri programu ilikuwa ikiwasha Bluetooth yenyewe. Kwa programu inayolenga Android 13, amri hiyo haifanyi kitu, inarudisha jibu la hapana na basi. Tuliiondoa, tukawaambia madereva waiache Bluetooth imewashwa.

Masika

Mpaka Oktoba rekodi zilikuwa zimetulia. Zikanyamaza tena Mei ya mwaka uliofuata, kwa baadhi ya madereva, na safari hii hakuna aliyekuwa amesasisha kitu.

Android 11 ilileta desturi ya kuzipokonya ruhusa programu ambazo mtumiaji hajazitumia kwa miezi kadhaa. Kutumia, kwa hesabu ya mfumo, ni hasa kuifungua programu au kugusa arifa yake. Kufanya kazi peke yake nyuma ya pazia hakuhesabiki. Programu yetu ilikuwa imeandika safari za watu msimu mzima na bado mbele ya mfumo ilikuwa kitu kilichotelekezwa. Watengenezaji wa Android wanaijua hali hii, ndiyo maana wanashauri programu zinazoungana na vifaa vingine zimwombe mtumiaji aizime desturi hiyo.

Kumwomba mtumiaji azime kitu kwenye mipangilio, baada ya yote tuliyoyaona kuhusu ruhusa, hakukunivutia. Tukaangalia pia njia ya mfumo ya kusajili kifaa shirika, ambapo mtumiaji anachagua kifaa mara moja na programu inaamshwa kifaa hicho kikionekana. Ni njia nzuri kwa mwenye gari moja. Kwetu dereva hubadilishwa magari, na orodha ya kuchagulia ingemwonyesha redio sita zilizo jirani, zote zenye jina moja.

Uamuzi ulikuwa kuigeuza tabia ya programu. Safari ikianza, arifa inatokea: namba ya gari, na vitufe viwili, "Sawa" na "Si gari hili". Dereva anagusa mara moja kabla ya kuondoka. Mguso huo unahesabika kuwa matumizi, kwa hiyo ruhusa hazipokonywi. Arifa ya zamani ilikuwepo, maana mfumo unaitaka, lakini msanidi aliiweka kwenye daraja la chini kabisa isimkere mtu. Haikumkera mtu hata ilipoacha kutokea.

Wakati huo huo tulipandisha toleo lengwa hadi Android 14, Mei na si Agosti, kwa simu chache kwanza. Toleo hilo linadai kila huduma inayoendelea nyuma ya skrini itangaze aina yake. Ya kwetu ni ya kifaa kilichounganishwa. Tungetaka pia aina ya mahali, tungehitaji ruhusa ya mahali wakati wote kwa kila dereva, fomu ya Play na video fupi ya kuonyesha sababu. Tukaiacha kabisa rekodi ya njia. Mwenye kampuni hakupenda. Hoja iliyomshawishi ilikuwa ya kisheria kuliko ya kiufundi: simu ni za madereva wenyewe, zinakwenda nao nyumbani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeshaanza kutumika. Akafunga vifaa vya GPS kwenye magari, mahali ambapo kazi hiyo ilipaswa kuwa tangu mwanzo.

Uchambuzi

Ruhusa iliyokosekana ndiyo iliyovunja kitu, lakini iliyoumiza ni muda uliopita kabla ya mtu kujua. Programu iliyongoja kuamshwa haina namna ya kujua kuwa haikuamshwa, na zana zote za msanidi zilikuwa za kupima kelele. Rekodi pekee iliyoweza kuonyesha pengo ilikuwa daftari la mlinzi, kwa sababu liliandikwa na mtu asiyetegemea simu wala mtandao. Sasa kila jioni mhasibu anaingiza mistari ya getini, na seva inaorodhesha gari lililoingia yadini bila safari. Kulinganisha gari linaporudi, badala ya likiwa njiani, kunaondoa kile kisingizio cha mtandao wa porini.

Kutokugusa toleo lengwa kwa muda mrefu hakukuokoa kazi yoyote. Mabadiliko ya Android 12 na 13 yaliingia siku moja, na ndiyo maana watu walikuwa wanatafuta kosa moja wakati yalikuwepo mawili. Tangu 2023 tarehe ya mwisho ya Play imekuwa ikiangukia 31 Agosti, na kwa biashara ya utalii wa kaskazini hakuna wakati mbaya kuliko huo. Mei ndiyo nafasi ya kazi hii, magari yapo na madereva wapo. Play pia inamruhusu msanidi kupeleka sasisho kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwanza. Ingawa kwa watu wasiofika thelathini asilimia hazina maana sana, kundi la majaribio la madereva watatu wenye simu za matoleo tofauti lingetosha.

Majaribio ya msanidi yalipita yote, na hili lafaa kutazamwa. Alijaribu kwenye simu yake, akaiweka programu upya, akaifungua, ikaomba ruhusa, akakubali, ikafanya kazi. Hakuipitisha njia ya dereva: toleo la zamani limo ndani, sasisho linakuja juu yake, skrini imezimwa, simu iko kwenye kishikio, mtu anawasha gari. Sasa jaribio linafanywa hivyo, kwenye gari halisi, na anayewasha swichi haruhusiwi kuigusa simu mpaka arifa itokee.

Kitufe cha "Si gari hili" kilileta faida ambayo hatukuipanga. Alfajiri magari yakiwashwa kwa pamoja yadini, simu hujiunga na redio yoyote iliyowahi kuungana nayo na inayoisikia kwanza, na safari ilikuwa ikiandikwa kwa gari la jirani. Makosa hayo yalikuwepo miaka yote, yakisahihishwa na mhasibu kwa kukisia. Sasa dereva anakataa, anasubiri jirani aondoke, anaunganisha upya.

Bado kuna madereva wawili wenye iPhone wanaojaza kitabu kwa kalamu, na nywila ya akaunti ya Play bado anayo mtu mmoja tu. Hilo la pili tumeliandika kwenye orodha ya Mei.